Kutoka shauri la Wameru hadi Kurasini: Tanzania ilivyojifunza kuisoma dunia

Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru kutoka miteremko ya Mlima Meru, alifika New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imewafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa kwenda nyanda za chini zenye joto na maradhi. Wameru hawakushika silaha. Walichangishana fedha na kumpata wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, kisha wakaitumia hoja ambayo wachache waliijua: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa mwangalizi tu, na kila mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake kwenye Baraza la Udhamini.

Ardhi haikurudi wakati ule. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata kura za kutosha katika Baraza Kuu. Kirilo alirudi nyumbani akazunguka nchi akisimulia alichokiona: kwamba gavana ana bwana wake, kwamba Waingereza huulizwa maswali na Wahindi na watu wa Amerika ya Kusini na hulazimika kujibu, na kwamba mkulima wa kahawa anaweza kukaa meza moja nao. Machi 1955 Julius Nyerere naye alikwenda mbele ya baraza lilelile kwa niaba ya TANU, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu historia ya elimu ya uhusiano wa kimataifa huwa inaanzia mahali pengine kabisa. Vitabu vingi vinasema fani hii ilizaliwa mwaka 1919 huko Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya Wales, ambako tajiri David Davies na dada zake walitoa pauni 20,000 kuanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa duniani. Kiti kile kilipewa jina la Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeua mamilioni, na swali la waanzilishi lilikuwa moja: mataifa makubwa yazuiweje yasipigane tena? Swali la maana, lakini lao. Sisi tuliingia kwenye fani hii kupitia ardhi ya Engare Nanyuki, na swali letu lilikuwa jingine: mnyonge apite mlango gani ili sauti yake isikike kwa wenye nguvu? Ukisoma yaliyofundishwa na kubishaniwa Dar es Salaam katika miongo iliyofuata, utaona kwamba kila fani hii ilipostawi kwetu, ilistawi kwa sababu ilikuwa na shauri halisi mezani.

Chuo chenyewe kilianza kidogo sana. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kulikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kuanza na sheria hakukuwa bahati nasibu. Makerere ilikuwepo tangu 1922 na Nairobi ilikuwa na uhandisi, lakini Afrika Mashariki yote haikuwa na mahali pa kumsomesha mwanasheria. Na nchi inayokaribia kuwa dola huhitaji mtu wa kuisomea mikataba kabla ya kumhitaji mtu wa kuisomea nadharia.

Mikataba hiyo ilikuja mapema kuliko ilivyotarajiwa. Waingereza walitaka Tanganyika ikubali kurithi mikataba yote waliyoisaini kwa jina lake, kama walivyofanya kwa makoloni mengine yaliyopata uhuru. Nyerere alikataa. Desemba 1961 alimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kutumika kwa miaka miwili, hadi tarehe 8 Desemba 1963. Ndani ya muda huo Tanganyika itaipitia mmoja mmoja. Usiokubaliwa au kufanyiwa marekebisho utahesabika umekwisha. Serikali nyingine za Afrika zilifuata njia hiyo, na leo wanafunzi wa sheria za kimataifa duniani kote hufundishwa jambo hili kwa jina la Mafundisho ya Nyerere. Mwaka 1973 Seaton, wakili yuleyule wa Wameru, alishirikiana na Sosthenes Maliti kuchapisha kitabu kuhusu namna Tanzania inavyoshughulikia mikataba. Kabla ya hapo, mwaka 1967, alikuwa ameandika na Kirilo Japhet kitabu cha shauri la Meru. Ningekuwa na mamlaka ya kupanga mtaala, kila anayesomea uhusiano wa kimataifa katika nchi hii angeanza na vitabu hivi viwili kabla ya kufungua kingine chochote.

Wakati chuo kinahangaika kupata wahadhiri, dola ilikuwa tayari inafanya diplomasia bila wanadiplomasia waliosomea. Mfano mkubwa ni Salim Ahmed Salim. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, aliteuliwa balozi Misri akiwa na umri wa miaka 22. Shahada yake ya kwanza aliisomea Delhi huku akiwa mwakilishi wa Tanzania nchini India, na ya uzamili katika mambo ya kimataifa aliipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1975 huku akiiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa, hapohapo New York. Asubuhi anabishana kuhusu Rhodesia, jioni anaandika insha ya darasa. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu, na 1981 alikaribia kuwa Katibu Mkuu kama Marekani isingetumia kura ya turufu kumzuia. Benjamin Mkapa alipita njia inayofanana na hiyo kiasi: Kiingereza Makerere, kisha mambo ya kimataifa Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha magazeti, balozi, waziri, rais.

Na mambo ya kushughulikia yalikuwa mazito. Mwanzoni mwa 1965 Ujerumani Magharibi ilikatisha msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi nchini. Nyerere akajibu kwamba waondoe na msaada wao mwingine. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu Waingereza hawakuchukua hatua dhidi ya Ian Smith aliyejitangazia uhuru wa Wazungu huko Rhodesia. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukasimamishwa. Nchi yenye wahitimu wa kuhesabika ilikuwa imegombana na mataifa mawili makubwa ya Ulaya ndani ya mwaka mmoja. Hayo yalikuwa magazetini kila siku, na wanafunzi wa Mlimani waliyasoma.

Mlimani ndiko chuo kilikohamia mwaka 1964, juu ya kilima upande wa Ubungo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, msomi wa siasa kutoka Kanada. Idara ya Sayansi ya Siasa ilijaa Waingereza, Wamarekani na Wakanada, wengi wao vijana wenye nia njema. Kazi yao iliyoshika zaidi haikuwa ya nadharia. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, uliangusha mawaziri na wabunge wengi, na wahadhiri wakasambaa majimboni kuuchunguza. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, kilichohaririwa na Lionel Cliffe mwaka 1967, bado ni chanzo muhimu kwa anayetaka kujua wapigakura walivyofikiri. Uchaguzi wa 1970 nao ukachunguzwa. Somo la siasa lilikuwa limepata maabara yake vijijini.

Kisha ukaja mtikisiko wa Oktoba 1966. Wanafunzi walivaa majoho yao mekundu wakaandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika muda huo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 papo hapo, na akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata. Lakini swali lililobaki lilikuwa kubwa: chuo hiki kinamsomesha nani, kwa ajili ya nani? Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Hapo ndipo lilipochipuka somo la lazima kwa wanafunzi wote, wa sheria na wa sayansi kwa pamoja, lililokuja kuwa Taaluma za Maendeleo. Kila aliyepita Mlimani analijua kwa herufi mbili, DS. Wengine wanalikumbuka kwa kuchoshwa nalo. Mimi naliheshimu kwa jambo moja: lilikuwa jaribio la kumfanya mhandisi ajue kwa nini bei ya mkonge inapangwa London.

Miaka minne iliyofuata ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo, maana hakuna kipindi kingine ambapo elimu ya siasa za dunia ilikuwa hai kiasi kile katika ukanda wetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa humo mwaka 1962. ANC na PAC za Afrika Kusini, SWAPO, ZANU, ZAPU na MPLA wote walikuwa na ofisi mjini. Mwanafunzi aliyetaka kujua vita vya msituni vinaendeshwaje hakuhitaji kwenda maktaba, alipanda basi. Mwaka 1967 wanafunzi walianzisha chama chao cha kimapinduzi, maarufu kwa kifupi USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Ankole, Yoweri Museveni, aliyekuwa akisoma uchumi na siasa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walivuka Ruvuma wakaingia maeneo ya kaskazini ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Aliyoyaona huko yakawa msingi wa andiko lake la kumaliza masomo, akiyapima mawazo ya Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu dhidi ya mkoloni. Wasomaji watakuwa na maoni tofauti juu ya alichokuja kufanya na elimu hiyo. Kama mbinu ya kusomesha, hata hivyo, ni vigumu kutaja chuo kingine cha wakati ule ambako mwanafunzi wa shahada ya kwanza alikwenda vitani kukagua hoja ya kitabu.

Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifika 1966 akiwa na shahada ya uzamivu mkononi na umri wa miaka 24 tu. Aliondoka kwenda Jamaika, serikali ya huko ikamfungia mlango Oktoba 1968, akarudi Dar es Salaam 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam kwa pamoja, upande wetu na Tanzania Publishing House. Hoja yake ya msingi iligeuza fani nzima: umaskini wa nchi moja na utajiri wa nyingine ni historia moja, na huwezi kueleza diplomasia yao bila kueleza biashara yao. Siku hizi kitabu hicho kinasomwa hata katika vyuo vya Ulaya. Kiliandikwa Mlimani, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanafunzi waliokuwa wakibishana naye usiku kwenye kumbi.

Serikali ya kijamaa haikuukubali kila mjadala. Desemba 1969, katika semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, Rodney alitoa mada iliyozishambulia serikali za Afrika zilizopata uhuru bila kuvunja mfumo wa kikoloni, na kusema zinastahili kuangushwa. Gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali: Tanzania haitakuwa kituo cha kuhubiri mapinduzi dhidi ya majirani wake. Mhariri alikuwa Mkapa, lakini wengi waliamini aliyeandika ni Mwalimu mwenyewe. Tahariri ile ingestahili kufundishwa, kwa sababu ndani yake kuna mgongano wa kweli wa sera ya nje. Nchi inayowapa silaha wapigania uhuru wa Msumbiji inahitaji majirani wasioiogopa. Na msomi anayesema ukweli kuhusu majirani hao anaiweka nchi iliyomkaribisha mahali pagumu. Wote wawili walikuwa na hoja. Rodney alijibu kwa barua, akaendelea kufundisha.

Mwaka uliofuata haukuwa na upole huo. Wanafunzi, wakiwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa wakitoa jarida la Cheche, wakilipiga chapa kwa stensili. Toleo moja lilibeba andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ndani ya Tanzania yenyewe, likieleza kwamba utaifishaji peke yake haujamfikisha mkulima na mfanyakazi kwenye madaraka. Novemba 1970 jarida na USARF vyote vikafutwa. Maelezo yalikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Kwa maoni yangu uamuzi ule uliiumiza serikali kuliko wanafunzi. Waliofungiwa walikuwa wanaiunga mkono sera ya ukombozi kwa dhati. Walichokuwa wakiuliza ni kama nyumbani nako ukombozi umefika.

Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa kimeunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu 1963, kiligawanyika vyuo vitatu. Kwa fani yetu hasara ilikuwa kubwa, maana ilikata mazungumzo ya kila siku kati ya Mlimani na Makerere, ambako idara ya siasa iliongozwa na Ali Mazrui. Mazrui, mtoto wa Kadhi Mkuu wa Kenya, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa profesa Kampala. Hakuwa mjamaa. Aliandika mwaka 1967 kwamba wasomi wa Magharibi wamelewa mapenzi ya Tanzania, na kitabu chake cha mwaka huohuo kiliuliza swali ambalo Waafrika bado hawajalimaliza: nani atalinda amani ya Afrika kama si Waafrika wenyewe? Mwaka 1970 yeye na Rodney walipambanishwa katika mjadala wa hadhara Makerere. Ukumbi mmoja, Mswahili wa Mombasa na mwana wa Guyana, wakibishana kuhusu ubeberu. Mwaka 1973, utawala wa Idi Amin ulipozidi kuwa wa hatari, Mazrui aliondoka, na idara aliyoijenga ikanyongonyea. Nairobi mwaka huohuo ilianza programu yake ya kufundisha wanadiplomasia, iliyokua na kuwa taasisi kamili ya diplomasia na masomo ya kimataifa.

Dar es Salaam haikunyamaza. Mwaka 1971 Idara ya Sayansi ya Siasa ilianzisha jarida la The African Review, la siasa za Afrika, maendeleo na mambo ya kimataifa, ambalo linaendelea kutoka mpaka leo. Okwudiba Nnoli, Mnigeria aliyefundisha Mlimani, aliandika kitabu kilichotoka 1978 kuhusu kujitegemea na sera ya nje ya Tanzania katika miaka kumi ya kwanza ya uhuru. Anaonyesha namna uchumi tegemezi ulivyoibana diplomasia iliyotaka kuwa huru, na namna migogoro ile ya 1965 ilivyoifundisha serikali kwamba msimamo usio na akiba hauna maisha marefu. Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika hapohapo chuoni, katika Ukumbi wa Nkrumah.

Upande wa sera za umma ulikuwa na njia yake, na katikati yake ni Mzumbe. Chini ya milima ya Uluguru, Waingereza walianzisha mwaka 1953 shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Utawala iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa Taasisi ya Uongozi wa Maendeleo, IDM Mzumbe. Mwaka ule ndio wa Madaraka Mikoani: halmashauri zilifutwa, maofisa wa wizara wakahamishiwa mikoani na wilayani, na mipango ikatakiwa ianzie chini. Ni vizuri msomaji ajue kwamba muundo ule uliochorwa kwa jina la ujamaa ulitayarishwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya ushauri wa biashara. Mzumbe ikapewa kazi ya kuwafundisha watu wa kuuendesha. Muundo haukufanya kazi. Maofisa walipata madaraka, wananchi wakapoteza mabaraza yao waliyoyachagua, shule na visima vikakosa mwenyewe. Sheria za 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na Nyerere baadaye alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Wahitimu wa Mzumbe wa miaka ile walisomeshwa mfumo mmoja na kustaafu katika mwingine. Mzumbe yenyewe ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001.

Kurasini, jijini Dar es Salaam, ina historia nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi. FRELIMO ilikuwa na shule yake ya vijana hapo, Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa na Janet Mondlane, mke wa kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, kabla mumewe hajauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, ilikuwa na hali mbaya kuliko ya Tanganyika 1961: Wareno wameondoka na wataalamu wao, na wapiganaji wa jana walitakiwa wawe mabalozi wa leo. Mwaka 1978 serikali mbili zilikubaliana kuanzisha Kurasini kituo cha pamoja cha kufundisha uhusiano wa kimataifa. Wananchi wakakiita Chuo cha Diplomasia, na jina hilo likashika. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na Tanzania ikajikuta inaeleza duniani kwa nini jeshi lake limeingia Kampala, jambo ambalo katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika haikulipa nafasi. Mwalimu wa diplomasia hakukosa mfano wa kuwapa wanafunzi.

Msumbiji ilifungua taasisi yake mjini Maputo mwaka 1986, ambayo sasa ni chuo kikuu chenye jina la Joaquim Chissano. Chissano huyu alikuwa mwakilishi mkuu wa FRELIMO Dar es Salaam, na mwaka 2004 akiwa rais aliwahutubia wakuu wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa; wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Kituo cha Kurasini nacho siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Balozi aliyeanza kazi kabla ya shahada amepewa chuo cha kuwasomesha mabalozi, na nadhani hakuna jina lililostahili zaidi.

Miaka ya 1980 inasimuliwa haraka kwa sababu ilikuwa ya kunyauka. Mwaka mpya wa 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilisaini makubaliano na shirika hilohilo. Chuoni, wachumi kama Benno Ndulu na Ibrahim Lipumba walitetea marekebisho ya bei na ya thamani ya shilingi, wakati wenzao wa DS na sheria waliona huko ni kusalimu amri. Mjadala ulikuwa wa moto, lakini maktaba ilikuwa haina fedha za kununua majarida, na mishahara ya wahadhiri haikufika mwisho wa mwezi. Wengi walikwenda Lesotho, Botswana na Marekani. Waliobaki walijifunza kuishi kwa kazi za ushauri, na tangu hapo mada za utafiti zimekuwa zikipangwa na anayelipa. Mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, REDET, ulioanzishwa na Idara ya Siasa mwaka 1992 nchi ilipoingia vyama vingi, ulifanya kazi kubwa ya kupima maoni ya wananchi, lakini nao ulitegemea wafadhili.

Sera ya nje ya mwaka 2001 iliweka diplomasia ya uchumi mbele ya ukombozi, na vyuo vikafuata. Shahada za uhusiano wa kimataifa na za sera za umma sasa zinatolewa Mlimani, Dodoma, Mzumbe, Kurasini na katika vyuo binafsi. Wanafunzi wako wengi kuliko nafasi zote za Wizara ya Mambo ya Nje, na wengi wanajua hivyo wanapojiandikisha. Kinachonisumbua mimi ni kwamba unaweza kumaliza miaka mitatu ukijua vizuri mzozo wa makombora ya Kuba na usijue Engare Nanyuki iko wapi.

Mfano wa jinsi fani hii inavyoweza kufanya kazi uko karibu kabisa. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitakiwa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ambao ungefungua sehemu kubwa ya soko letu kwa bidhaa za Ulaya hatua kwa hatua. Mkapa, rais mstaafu, alichapisha gazetini uchambuzi wa kuupinga, akieleza hatari kwa viwanda vichanga na kwa mapato ya ushuru. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitwa Dodoma kuwapitisha wabunge kwenye vifungu vyake. Novemba Bunge liliishauri serikali isisaini. Ndivyo ilivyokuwa pia Desemba 1961: soma kifungu kwa kifungu, usirithi usichokikubali.

Kenya iliona tofauti, na ilikuwa na sababu. Haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini kabisa, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru. Bila mkataba, maua yake yangetozwa. Ilisaini Septemba 2016 pamoja na Rwanda, kisha ikajadiliana peke yake, na mkataba wake na Ulaya ukaanza kutumika Julai 2024. Soko moja la Jumuiya sasa lina nchi mwanachama yenye masharti yake na Ulaya na nyingine zisizo nayo, jambo ambalo maofisa wa forodha wa Namanga na Holili watakuwa wakilishughulikia kwa miaka. Nairobi kuna taasisi ya diplomasia, Kurasini kuna kituo, Mlimani kuna idara na jarida. Mkataba uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na vyuo vyote vitatu vingeweza kuanza nao muhula ujao.